Macho ya Phil Ivey

Wapo wacheza poka wanaotisha kwa maneno. Wanakejeli, wanalalamika, wanainuka vitini karata zikiwakataa. Phil Hellmuth, bingwa wa dunia wa mwaka 1989, anajulikana kwa hasira zake mbele ya kamera karibu sawa na anavyojulikana kwa ushindi wake. Watu wa aina hiyo huzoeleka. Ukikaa nao saa mbili unajua lini wanafoka kwa kweli na lini wanakuchokoza, na baada ya hapo kelele zao zinakusaidia wewe.

Phil Ivey hasemi. Anageuza shingo, anamtazama aliye mbele yake, na haondoi macho. Watu ambao kazi yao ni kushinda na kupoteza mamilioni bila kubadilika uso wamekiri mara nyingi kwamba kiti kinachotazamana na Ivey ndicho wasichokitaka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na katika mchezo huu sijaona mtu aliyeithibitisha kauli hiyo kama yeye.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: katika poka ya Texas kila mchezaji anagawiwa karata mbili anazoziona peke yake. Kisha karata tano zinafunuliwa katikati ya meza kwa awamu, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila awamu watu wanaweka dau, wanafuata, wanapandisha au wanatupa karata. Mwenye karata bora anazoa pesa zote. Lakini anazizoa pia yule ambaye wenzake wote wameogopa kumfuata, hata kama mkononi hana kitu, na hapo ndipo fundi anapoachana na mwenye bahati. Kupiga mkwara ovyo humfilisi mtu usiku mmoja. Kumpigia mkwara mtu uliyekwisha kumsoma, katika dakika ile ile ambayo hawezi kuustahimili, ni kazi inayodai miaka ya kutazama watu.

Novemba 2005, huko Monte Carlo, mashindano yalibaki na watu wawili, Ivey na Mwingereza Paul Jackson. Mshindi angeondoka na dola milioni moja. Mezani zikafunuliwa jeki mbili na saba. Ivey alikuwa na malkia na nane. Jackson alikuwa na sita na tano. Hakuna aliyekuwa na chochote. Wote wawili walikuwa mikono mitupu. Ivey akaweka dau. Jackson akapandisha. Ivey akapandisha juu yake. Jackson, kwa ujasiri ambao nauheshimu mpaka leo, akapandisha tena, kama mtu aliyeificha jeki ya tatu kiganjani.

Hapo karibu kila mchezaji duniani angetupa karata. Jeki mbili ziko wazi, mpinzani amepandisha mara mbili, na wewe una malkia mkavu asiye na mwenzake. Ivey alitulia. Alimtazama Jackson. Kisha akasukuma katikati ya meza kila alichokuwa nacho. Jackson akafikiri, akatupa karata.

Nimekitazama kipande hicho cha video mara nyingi, na kila mara najiuliza aliona nini. Sehemu ya jibu ni hesabu za kawaida kabisa. Mwenye jeki ya tatu hana haraka. Mteja amekuja mwenyewe na pesa zake, kwa nini umfukuze dukani? Angefuata tu, polepole, amwache Ivey aendelee kumwaga. Halafu nyongeza ya mwisho ya Jackson ilikuwa ndogo, ya mtu anayetaka kutisha huku akijiachia njia ya kutokea. Mambo haya mawili yanaweza kuandikwa kwenye kitabu na mwanafunzi yeyote akayakariri. Lisiloandikika ni kuyaona yote wakati dola milioni moja ziko mezani na kamera ziko usoni, kuyaamini, na kuweka kila kitu juu ya imani hiyo. Wengi huona. Wanaothubutu kuyafuata macho yao mpaka mwisho ni wachache mno, na hao ndio wanaoogopwa.

Ivey alizaliwa Riverside, California, mwaka 1977, akakulia Roselle, New Jersey, na karata za kwanza alifundishwa na babu yake. Sheria ya New Jersey inamtaka mtu awe na miaka 21 kuingia kasino. Yeye aliingia kasino za Atlantic City kabla ya hapo, kwa kitambulisho chenye jina la Jerome. Akawa mezani usiku na mchana hata wenzake wakambandika jina la Jerome asiye na kwao. Basi la mwisho likimwacha, alilala chini ya ile njia ya mbao iliyo kando ya bahari. Alipotimiza miaka 21 alirudi kwa watu wale wale, akawaambia jina lake halisi. Mwaka 2000, akiwa na miaka 23, alishinda bangili yake ya kwanza ya mashindano ya dunia kwa kumshinda Amarillo Slim, bingwa wa 1972, mzee aliyekuwa maarufu kwa kumlegeza mpinzani kwa maneno. Kijana hakulegea. Aliketi na kutazama.

Kabla yake alikuwepo Stu Ungar, na siwezi kuusifu ufundi huu nikampita. Ungar alizaliwa New York mwaka 1953, mwembamba, mdogo wa umbo, na alianza kama mcheza jini, mchezo wa karata wa watu wawili. Aliumudu kiasi kwamba watu waliacha kucheza naye. Ndiyo sababu alihamia poka, na katika poka akawa bingwa wa dunia mwaka 1980, tena 1981, tena 1997.

Kisa kinachosimuliwa zaidi juu yake ni cha mapema miaka ya 1990, alipocheza mtu kwa mtu na Mansour Matloubi, bingwa wa 1990. Karata tano za mezani zilikuwa tatu, tatu, saba, mfalme na malkia. Matloubi akaweka pesa zake zote. Ungar alikuwa na karata ya kumi na ya tisa, yaani hana kitu. Akamtazama Matloubi, akamwambia kwamba ana nne na tano, au tano na sita, akamfuata kwa kumi yake. Matloubi alikuwa na nne na tano.

Si ramli. Angalia alivyofikiri. Karata ya nne, mfalme, ilipofunuliwa, wote wawili walinyamaza, hakuna aliyeweka dau. Mwenye tatu mkononi asingenyamaza pale. Angeanza kukusanya malipo. Mwenye mfalme au malkia mwishoni angeweka dau la kadiri ili afuatwe, hana sababu ya kuweka kila kitu. Basi aliyebaki ni mtu mwenye karata nzito kupita kiasi, au mtu aliyekuwa akisubiri karata fulani na haikuja. Na katika meza yenye tatu na saba, anayesubiri ni nani? Mwenye nne na tano anaisubiri sita. Mwenye tano na sita anaisubiri nne. Kumi ya Ungar inawashinda wote wawili. Ingeshindwa na jeki yoyote, na jozi yoyote, na karibu kila kitu kingine kilichomo katika karata 52. Lakini ndani ya duara lile dogo alilolichora, inashinda. Mabingwa wa kweli hawakisii karata moja. Wanachukua mikono yote ambayo mtu angeweza kuwa nayo, wanaifuta mmoja mmoja kila anapofanya jambo, mpaka inabaki miwili mitatu, kisha wanamtazama usoni wapate uthibitisho.

Na Ungar huyo huyo alishindwa na dawa za kulevya. Novemba 1998, mwaka mmoja na nusu tu baada ya taji lake la tatu, alikutwa amekufa katika chumba cha moteli Las Vegas akiwa na miaka 45. Najua wasomaji wangu wengi dini yao imekataza kamari, na wengine wamewaona vijana wao wakimaliza mishahara kwa kubeti kwenye simu. Siandiki kumwalika mtu yeyote kasino. Kubeti kwenye simu ni kupambana na kampuni iliyokwisha kupiga hesabu ya faida yake kabla hujafungua programu, na hakuna jicho litakalokusaidia. Poka ni mtu kwa mtu. Ninachokisifu ni ule uwezo wa kumsoma binadamu mwenzako, na uwezo huo ungestahili sifa hata kama wangekuwa wanachezea kokwa za embe.

Ushahidi mkubwa zaidi wa hofu ya kusomwa na watu hawa aliuacha Andy Beal, tajiri wa benki kutoka Texas. Kuanzia mwaka 2001 Beal alikwenda Las Vegas kupambana mmoja mmoja na wachezaji bora, kwa madau makubwa kiasi kwamba walilazimika kuchanga mtaji wa pamoja ndipo wamkabili. Doyle Brunson alikuwamo, na Chip Reese, na Jennifer Harman. Beal ni mtu wa hisabati, na alijua kilichokuwa kikimponza. Alivaa miwani ya giza wasione macho yake. Alivaa vidude vya kuzibia masikio. Akatengeneza hata kifaa kidogo cha kutetema, akakificha mguuni, kimpangie muda wa kucheza ili wasimsome kwa kasi au kusita kwake. Februari 2006 waliochanga walikuwa wamezidiwa, wakamleta Ivey. Madau yalifika dola 50,000 na 100,000 kwa mpigo. Kwa siku tatu Ivey alimshinda zaidi ya dola milioni 16.

Jicho hilo halikumwongoza sehemu njema siku zote. Mwaka 2012, katika kasino ya Crockfords jijini London, Ivey na mwenzake mwanamke walitumia kasoro ndogo katika michoro ya migongo ya karata, wakamwomba mgawaji azigeuze baadhi yake kwa kisingizio cha imani za bahati, wakashinda pauni milioni 7.7 katika mchezo wa karata uitwao punto banco. Kasino ikakataa kulipa. Ivey akashtaki, na Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua kwamba ule ulikuwa udanganyifu, hata kama mwenyewe aliamini kwa dhati kuwa haukuwa. Hukumu hiyo ilibadilisha kipimo cha udanganyifu katika sheria ya Kiingereza. Naona mahakama ilihukumu sawa. Mgawaji alifanywa chombo bila kujua. Katika poka aliye mbele yako anajua umekuja kumsoma, naye amekuja kukusoma, na kila mmoja ana macho mawili.

Wala si kwamba hakosei. Mwaka 2009, katika mashindano makuu ya dunia yenye wachezaji 6,494, alimaliza wa saba, na katika siku hizo hizo aliwahi kutupa karata zake bila kugundua kwamba alikuwa na karata tano za alama moja na ameshinda. Watazamaji walishika vichwa. Mtu anayemwona mwenzake mpaka ndani hakuona kilichokuwa mkononi mwake.

Siku hizi vijana wanasema zama za macho zimekwisha. Wana hoja. Januari 2017, huko Pittsburgh, programu iitwayo Libratus, iliyoundwa na Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza mikono 120,000 dhidi ya wachezaji wanne wa kulipwa na kuwashinda wote. Haikuwahi kuona uso wa mtu. Ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake mpaka ikapata mtindo ambao ni vigumu mno kuuadhibu, na leo mabingwa wapya hukesha na kompyuta za namna hiyo. Nawastahi, wanachokijua kuhusu hesabu za mchezo Ungar hakukijua. Lakini mashine hiyo ilishinda kwa kujikinga na kusubiri wengine wakosee. Haikuwa na haja ya kujua kwamba bwana huyu mwenye koti, saa hii, amechoka na anatamani kwenda kulala. Binadamu anayejua hilo anachuma zaidi, na hakuna kompyuta inayomfundisha.

Juni 2024, miaka kumi baada ya bangili yake ya kumi, Ivey alishinda ya kumi na moja akiwa na miaka 47, katikati ya kizazi kilicholelewa na kompyuta. Ni Hellmuth peke yake aliye na nyingi zaidi. Mchezo alioshinda safari hiyo hauna karata hata moja inayofunuliwa mezani, na mkono mbaya kuliko yote ndio unaochukua pesa. Kila mtu ana karata tano zake, anaruhusiwa kubadilisha mara tatu, na wewe unachokiona ni idadi ya karata alizobadilisha, dau aliloweka, na uso wake.