Wikendi ku Kundelungu: foto nzuri, mwezi haulingane

Bandugu, mwezi wa kumi unakaribia, na matangazo ya wikendi ku milima ya Kundelungu yamejaa ku simu. Foto ni nzuri: maporomoko ya Lofoi, zaidi ya mita 340, maji mengi meupe, na pembeni pori jekundu. Lakini vitu hivyo viwili haviko vya mwezi mumoja. Lofoi inajaa kisha mvula mingi, karibu mwezi wa tatu. Mwezi wa kumi maji iko kidogo sana. Pori jekundu, hilo njo la sasa.

Kosa kubwa ni kuandika « kama Ulaya ». Kule majani yanakuwa mekundu juu yanaenda kuanguka. Kwetu, miti mingi ya miombo inatoa majani mapya, mekundu, mbele mvula ianze. Hapa wekundu ni kuzaliwa. Tangazo lingesema hivyo, lingeuza safari bila kudanganya mutu.

Huku Annexe, miombo mingi ilikwisha kuwa makala. Basi mwenye kupanga wikendi apange ya majani, maji atarudilia mwezi wa tatu. Na akifika, ajiulize: mufuko wa makala wa kwetu nyumbani unatoka pori gani?