Ramani Nzuri ya Injini Hujulikana Alfajiri

Fundi anayejivunia kazi yake ya kutyuni kompyuta ya gari huwa na haraka ya kutaja nguvu za farasi. Mjuzi humsikiliza, kisha huomba jambo dogo tu: gari lilale nje usiku kucha, naye aje aliwashe mwenyewe alfajiri. Kukanyaga mafuta mpaka mwisho hugusa visanduku vichache tu vya ramani, yaani majedwali ya namba ndani ya kompyuta hiyo. Kuwaka kwa baridi, kutulia sailensi na kuondoka bila kushtuka ndiko kunakotaka uvumilivu.

Kazi hii ilifunguka kwa watu wa kawaida mwaka 2001, Wamarekani Bruce Bowling na Al Grippo walipotoa MegaSquirt, kompyuta ya injini iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe kwa risasi. Baadaye, huko Australia, Josh Stewart akaanzisha Speeduino, inayotumia bodi nafuu ya Arduino Mega. Siku hizi mwenye laptopu, kebo na sensa ya oksijeni ya masafa mapana anaweza kupanga mafuta na moto wa plagi akiwa uani kwake. Kuipanga vizuri ni habari nyingine.

Mjuzi huanza na taimingi. Kompyuta hufungwa kwenye namba moja ya digrii isiyobadilika, tuseme 10, kisha taa ya taimingi humulikwa kwenye puli. Alama ikisoma 14, kila namba ya moto iliyoandikwa kwenye laptopu ina uongo wa digrii 4. Fundi asiyeweza kueleza alivyopima hapo amejenga juu ya mchanga.

Linafuata jedwali la mafuta, mara nyingi visanduku 16 kwa 16: mizunguko upande mmoja, shinikizo la hewa kwenye manifoldi upande wa pili. Uwezo wa silinda kuvuta hewa hubadilika taratibu, kwa hiyo namba nazo zinapaswa kupanda na kushuka taratibu. Zikionekana 62, 64, 81, 63 zimefuatana, hiyo 81 inatia shaka. Huenda plagi ilimisi mara moja: oksijeni ambayo haikuungua ikatoka kwenye ekzosi, sensa ikadhani mafuta ni machache, na programu ya kujirekebisha ikayaongeza. Aliyeshika laptopu akakubali bila kuuliza.

Jaribio jingine halihitaji hata barabara. Injini ikishapata moto na kutulia sailensi, taa za mbele, feni na waipa huwashwa kwa pamoja. Volti hushuka, na nozeli, ambayo hufunguliwa kwa sumaku ya umeme, huchelewa zaidi kufunguka. Kwenye kompyuta iliyopangwa vyema, ucheleweshaji huo umeingizwa kwa kila kiwango cha volti, hivyo lambda, yaani kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta, haisogei. Hatua hii ikirukwa, lambda hupanda, mizunguko huyumba, na gari huweza kuzima kwenye foleni ya jioni.

Namba za lambda zenyewe si siri. Petroli tupu hutaka sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya mafuta kwa uzito, na hiyo ndiyo lambda 1, inayofaa mwendo wa kawaida. Kwenye mzigo mkubwa, injini isiyo na tabo huwekwa karibu na 0.87, yenye tabo karibu na 0.8. Mjuzi haridhiki na lengo lililoandikwa; huomba rekodi ya safari aone kama injini ililifikia, hasa katika ile nusu sekunde baada ya akseleta kukanyagwa ghafla.

Kwenye moto wa plagi, sifa ni ya anayejua kuacha. Gari la tabo lililotengenezwa kwa soko la Japani, kama Subaru Impreza WRX, lilipangiwa petroli ya okteni inayokaribia 100. Likinyweshwa petroli ya kawaida ya Nairobi au Dar es Salaam kwa ramani ileile, injini yake inaweza kugonga na kuvunja pistoni. Fundi makini hurudisha digrii kadhaa nyuma na kusikiliza sensa ya kugonga kwa spika za masikioni. Asiye na mashine ya kupima nguvu hurudisha zaidi.

Mwisho ni mwinuko. Nairobi iko juu kiasi kwamba shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 83, wakati Mombasa ni 101. Injini isiyo na tabo iliyotyuniwa Nairobi haikuwahi kugusa safu ya 100 kwenye jedwali la mafuta, na namba za huko ni za kukisia. Anayenunua gari la namna hiyo kulipeleka pwani aombe rekodi zinazofika safu hiyo. Zikikosekana, mwenzake aendeshe, yeye ashike laptopu, na kuanzia Voi kwenda chini akseleta iongezwe kidogo kidogo huku lambda ikitazamwa.