Goti Liumalo, Nyonga Itibiwayo

Mkimbiaji akisema goti linamchoma upande wa nje, hasa akiteremka kilima, wengi hulivamia hapo hapo na kulichua kwa nguvu zote. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyebobea hana haraka hiyo. Humlaza chali, humkunja mguu, kisha huweka kidole gumba pembeni, juu kidogo ya goti, penye kinundu cha mfupa wa paja. Anaunyoosha mguu taratibu. Zikibaki nyuzi 30 hivi goti linyooke, mgonjwa hushtuka: "Hapo hapo!"

Hicho ndicho kipimo kiitwacho kipimo cha Noble.

Panapouma hupita ukanda mpana na mgumu, unaoanzia nyonga na kujishikiza chini ya goti, kwenye mfupa wa ugoko. Daktari James Renne aliyaeleza maumivu haya mwaka 1975, baada ya kuyaona kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa mafunzoni. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ukanda huo husugua mfupa. Mwaka 2006 mtafiti Fairclough na wenzake walionyesha kuwa umeshikizwa kwenye mfupa kwa nyuzi imara. Kinachobanwa ni mafuta yaliyo chini yake, yenye mishipa mingi ya fahamu.

Basi kukandamiza hapo kwa kiwiko ni kumtesa mtu bure. Wala hakuna mkono wa kuurefusha ukanda ule. Ni mgumu mno.

Uzuri wa kazi hii uko hapa: mkono huacha mahali palipolalamika, ukapanda. Hutafuta msuli mdogo wa mbele ya nyonga, pale mfuko wa suruali unapokaa, kisha misuli ya tako, kwa kuwa hiyo ndiyo inayouvuta ukanda. Vidole hubonyeza, husubiri, hufuata pumzi ya mgonjwa mpaka msuli ulegee. Kisha mkono ule ule hugeuka kipimo: mgonjwa akilala ubavu huambiwa ainue mguu, naye mtaalamu anaukandamiza. Udhaifu hujulikana papo hapo.

Mwaka 2000, Michael Fredericson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapima wakimbiaji 24 wenye tatizo hili, wakakuta nyonga ya upande unaouma ni dhaifu. Baada ya wiki sita za tiba na mazoezi ya kuiimarisha, 22 walirudi kukimbia bila maumivu. Mikono hutuliza kwa muda. Mazoezi ndiyo hudumisha nafuu, na mtaalamu mwaminifu humwambia mgonjwa hivyo waziwazi.

Ukienda kutibiwa, omba nyonga yako nayo ipimwe. Goti likivimba au kukwama, muone daktari kwanza.