Mtungi Unaotoa Jasho

Anayeanza kusoma kemia huonyeshwa moto kwanza: makaa yanaungua, utepe wa magnesi unawaka, joto linatoka. Huondoka darasani akiamini kwamba kila badiliko linalokwenda lenyewe sharti litoe joto. Si kosa la kumwonea haya, kwani Julius Thomsen wa Denmark na Marcellin Berthelot wa Ufaransa, mabingwa wa kupima joto la mimenyuko katika karne ya 19, walishika imani inayokaribiana nayo. Mimi ningemwanzisha na mtungi wa maji. Kazi ya mfinyanzi huikanusha imani hiyo mchana kutwa, pale kivulini ulipotegwa mtungi.

Ustadi wenyewe unaanzia motoni. Wanawake wa Kikisi, wafinyanzi mashuhuri wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, na wenzao wengi wa bara na pwani, huchoma vyombo vyao bila kuvipaka kioo. Udongo ukishika moto hutoa hata yale maji yaliyofungwa ndani ya madini yake, usiweze tena kurudi kuwa tope. Moto ukipungua, chombo kitalainika majini; ukizidi mno, vinyweleo vitaziba. Baina ya mipaka hiyo miwili mfinyanzi hupata ukuta unaozuia maji na bado ukayaachia kidogo kidogo. Yanayofika nje hugeuka mvuke, na kila gramu moja huchukua karibu jouli 2,440, nyingi zikitoka kwenye maji yaliyobaki. Mtungi wa lita 10 ukipoteza gramu 100, yaani vikombe viwili vidogo vya kahawa, maji yake yangepoa nyuzi 5 hadi 6 kama joto la nje lisingeingia. Joto halikupotea, limeondoka na mvuke.

Basi kwa nini maji yageuke mvuke ilhali yanalipia joto? Molekuli zilizobanana katika kimiminika, zikitoka hewani, hupata namna nyingi mno za kutawanyika, na wingi huo ndio unaopimwa kwa entropia. Josiah Willard Gibbs wa Marekani, katika maandishi yake ya 1876 hadi 1878, aliviweka viwili hivyo katika mizani moja: upande huu enthalpi, yaani joto linalolipwa, upande ule entropia ikizidishwa kwa jotoridi. Atakayesema mfinyanzi hajui hesabu hiyo atakuwa amesema kweli, lakini mtungi ulipoza maji karne nyingi kabla ya Gibbs, na nadharia ndiyo iliyokuja kuueleza. Atakayesema friji imeupita naye ana haki yake. Ila friji nayo hupoza kwa kuvukiza kimiminika, kisha huhitaji umeme wa kuukandamiza mvuke urudi ulikotoka. Mtungi huuachia upepo kazi ya kuuondoa mvuke. Ndiyo maana hupoza vizuri Dodoma wakati wa kiangazi, na Mombasa wakati wa masika hulowa tu: hewa imekaribia kushiba mvuke, molekuli zinazorudi ukutani zinakaribia kulingana na zinazoondoka, na maji yanabaki na uvuguvugu wake mpaka upepo mkavu uvume.