“Jirani” ni Nani? Uhakiki wa Mahubiri Yetu juu ya Msamaria Mwema

Ni vigumu kumpata mhubiri ambaye hajapata kuhubiri juu ya Luka 10:25–37. Katika ibada za diakonia na katika kuchangia hospitali na yatima, Msamaria huitwa kutusaidia. Jambo hilo si baya. Lakini katika makala hii twakusudia kuuliza kama mfano huu, kwa kuzoeleka kwake, haujapoteza makali midomoni mwetu. Twauliza hivyo tukiikazia macho Wilaya ya Kilosa, toka Mvumi na Rudewa hadi Mikumi, mahali ambapo ujirani umegharimu damu.

Tuanze na neno lenyewe. “Jirani” limetujia kutoka Kiarabu, na kwa kawaida humtaja mtu ambaye nyumba au shamba lake limepakana na langu. Neno la Kiyunani alilotumia Luka humtaja aliye karibu. Lile la Kiebrania katika Walawi 19:18 humtaja mwenzi, mtu wa jamaa moja. Kwa hiyo swali la mwanasheria halikuwa la kipuuzi. Alitaka kujua mpaka uko wapi, na neno letu lamruhusu kuuchora mpaka huo huo. Lakini sura iyo hiyo, katika mstari wa 34, yaamuru kwamba mgeni naye apendwe vivyo hivyo. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ni njema, maana yamwingiza mgeni katika kazi ya nyumba. Hata hivyo ilitungwa na mkulima. Je, mgeni ajaye na fimbo na ng’ombe, asiyeshika jembe, hana siku ya tatu?

Kasoro ya kwanza ya mahubiri yetu ni kumfanya Msamaria kuwa mtu mwema tu. Luka hakumwita hivyo. Sura moja kabla (9:51–56) aeleza jinsi kijiji cha Wasamaria kilivyokataa kumpokea Yesu, hata wanafunzi wakataka moto ushuke. Mwanahistoria Yosefo asimulia kwamba Wasamaria walitupa mifupa ya wafu katika hekalu la Yerusalemu wakati wa Pasaka, na kwamba baadaye mahujaji wa Galilaya waliuawa wakipita Samaria, kisha vijiji vya Wasamaria vikachomwa moto kwa kisasi. Wasikilizaji wa kwanza wa Luka hawakuwa na Msamaria mwema kichwani mwao. Ndiyo maana mwanasheria, alipoulizwa ni nani aliyekuwa jirani, hakuthubutu kulitaja kabila. Alisema tu ni yule aliyeonyesha huruma.

Sasa twende Kilosa. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, kiliposhambuliwa na wafugaji wa Kimaasai. Kabla ya siku ile palikuwa na mazao yaliyoliwa na mifugo, mifugo iliyokamatwa, na mashauri yaliyokosa kusikilizwa kwa haki. Mwaka 2008 damu ilimwagika tena katika eneo la Mabwegere. Mhubiri asimamaye mbele ya wakulima wa sehemu hizo, akiwa mwaminifu kwa Luka, hana budi kusema kwamba aliyesimama njiani na kumfunga majeruhi vidonda vyake alikuwa Mmaasai. Naye ahubiriye Twatwatwa, kwenye kijiji cha wafugaji, hana budi kusema kwamba alikuwa mkulima.

Mtu aweza kutupinga akisema kwamba huo ni ukatili kwa wafiwa. Pingamizi hilo ni zito, wala hatulipuuzi. Lakini tuusome mfano kwa makini. Yesu hakumwambia majeruhi awakumbatie wanyang’anyi. Wanyang’anyi ni watu wengine na Msamaria ni mtu mwingine. Dhambi ya wasikilizaji ilikuwa kuwachanganya hao wawili, wakaona mnyang’anyi katika kila Msamaria. Waliotenda mauaji wanastahili kujibu mbele ya sheria. Kabila zima halistahili kubebeshwa damu hiyo. Aliyefiwa hadaiwi kusahau. Anadaiwa asimhesabie mtu kosa kwa sababu ya shuka aliyovaa.

Kasoro ya pili ni kuishia kwenye bandeji. Martin Luther King, akihubiri New York mwaka 1967, alikumbusha kwamba haitoshi kumwokota majeruhi. Barabara yenyewe ya Yeriko yapasa kubadilishwa. Barabara ya Kilosa ni ardhi. Mashamba makubwa ya mkonge yalichukua nafasi kubwa tangu enzi za ukoloni. Nyanda oevu zilizokuwa malisho ya kiangazi ndizo hizo hizo mkulima anazozihitaji. Na mipaka ya vijiji imekuwa chanzo cha mashauri marefu. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aifafanua amri ya saba kwamba hatupaswi tu kutomwibia jirani, bali tumsaidie kutunza mali na riziki yake. Riziki ya mmoja ni mahindi na ya mwingine ni ng’ombe. Kuhubiri upendo bila kuuliza mpaka umewekwaje na njia ya mifugo iko wapi ni kupita upande wa pili pamoja na Mlawi.

Wala tusijione salama kwa kuwa sisi ni Walutheri. Luther huyo huyo, mwaka 1543, aliandika juu ya Wayahudi maneno ambayo makanisa ya Kilutheri yamelazimika kuyakana hadharani. Aliyewafundisha wengine amri ya jirani alichora mpaka wake mwenyewe, na gharama yake ilikuwa kubwa.

Twawasihi basi wachungaji na wanafunzi wenzetu: kabla ya kupanda mimbarani na somo hili, jiulizeni ni jina gani ambalo usharika wenu hauwezi kulitamka. Msamaria wenu ni huyo. Mtajeni.