Kwa Nini Klabu ya Kuzungumza Huishi Mwanzilishi Akishaondoka

Ralph Smedley alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzijuzi tu alipopewa kazi ya kusimamia elimu katika tawi la YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, mjini Bloomington, jimbo la Illinois nchini Marekani. Aliona kwamba vijana waliokuja pale walikuwa na akili na ari, lakini kuendesha kikao au kusimama na kusema jambo likaeleweka kuliwashinda. Mwaka 1905 akawakusanya wakaanza kupeana zamu: huyu anahutubia, yule anaongoza kikao, mwingine anasikiliza ili baadaye amwambie mwenzake alichofanya. Utaratibu ulikubali. Kisha Smedley akahamia mji mwingine, na klabu ikafifia. Huko alikokwenda akaanzisha nyingine, akahama tena, nayo ikazimika. Ilimchukua karibu miaka 20 ya kuanzisha na kupoteza hadi tarehe 22 Oktoba 1924, katika ghorofa ya chini ya jengo la YMCA mjini Santa Ana, California, ilipoanza klabu ambayo leo inahesabiwa kuwa ya kwanza ya Toastmasters, chama cha klabu za kujifunza kuzungumza hadharani.

Santa Ana ilikuwa na tofauti gani na Bloomington? Zamu zilikuwa zilezile, na mtu alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba watu wa miji ya jirani walipouliza jinsi ya kuanzisha klabu yao, utaratibu uliwekwa kwenye maandishi. Mwaka 1928 Smedley alikuwa ameshaandaa mwongozo wa kuendesha klabu pamoja na masomo ya hotuba, na kuanzia hapo klabu mpya haikumhitaji yeye. Ilihitaji kijitabu na watu waliokubali kushika zamu. Mwaka 1930, baada ya watu wa Kanada kutaka kujiunga, jina likawa Toastmasters International, na mwaka 1932 chama kikasajiliwa rasmi. Leo kina wanachama zaidi ya robo milioni katika nchi zaidi ya 140, zikiwamo klabu za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Nimeanza na historia hiyo kwa sababu klabu nyingi za kuzungumza hadharani kwetu hufa kifo kilekile cha Bloomington. Anatokea mtu mmoja mwenye kipaji na moyo, anawaita watu, anaongoza kila mkutano, anakosoa kila hotuba, anakumbusha kila mtu kwa simu. Akipata kazi Dodoma au akienda kusoma, klabu haimalizi mwaka. Watu husema wanachama hawakuwa na moyo. Naona si haki kuwalaumu. Wanachama hawakuwahi kupewa kazi ya kufanya isipokuwa kukaa na kusikiliza.

Tazama jinsi mkutano mmoja wa Toastmasters unavyopangwa. Kuna mwongoza mkutano. Kuna wazungumzaji watatu walioandaa hotuba, na kila mmoja ana mtathmini wake. Kuna anayeongoza mada za papo kwa papo, ambapo mtu anaitwa bila kujiandaa, anapewa swali na anasema kwa dakika moja hadi mbili. Kuna mtunza muda, kuna anayehesabu maneno ya kujazia, kuna anayesimamia lugha, na juu yao kuna mtathmini mkuu anayeupima mkutano wenyewe. Jumla ni kazi 12. Chama hudai wanachama 20 ili klabu mpya isajiliwe, na ukizikumbuka kazi hizo 12 hushangai: katika watu 20, wachache wakiwa safarini au wagonjwa, karibu kila aliyefika ana kazi jioni hiyo. Hakuna anayekuja kutazama. Hata mtu mwenye haya kuliko wote, ambaye hotuba kwake bado ni mlima, anaweza kushika saa, na mwishoni atalazimika kusimama na kusoma muda wa kila mzungumzaji. Hapo ameshazungumza mbele za watu, tena akiwa na jambo la kusema ambalo wote wanataka kulisikia.

Saa yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7. Ikifika ya 5 mtunza muda anainua kadi ya kijani, ya 6 ya njano, ya 7 nyekundu, na baada ya hapo kuna sekunde 30 za kufunga. Kwenye mashindano, aliyepitisha sekunde hizo anaondolewa hata kama ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Mohammed Qahtani wa Saudi Arabia, aliyekuwa na kigugumizi utotoni na akatwaa ubingwa wa dunia wa kuzungumza hadharani mwaka 2015, alizungumza chini ya kanuni hiyohiyo. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kadi hizi zina somo la pekee. Tumezoea hotuba inayoanza na salamu za kila dini, ikafuata “hamjambo”, ikarudiwa kwa sababu waitikiaji hawakupaza sauti, kisha orodha ya vyeo kuanzia mgeni rasmi hadi mwenyekiti wa mtaa, kisha “napenda kuchukua nafasi hii”, na hatimaye “itifaki imezingatiwa”, maneno yanayosemwa baada ya itifaki kutajwa yote. Kadi ya kijani inainuliwa na jambo halijaguswa. Klabu hutibu hali hiyo kwa kuweka salamu moja fupi inayowatosha wote: mwongoza mkutano, wanachama wenzangu, na wageni wetu. Heshima imetolewa, na dakika zote zimebaki. Aliyefanya hivyo mara kadhaa akirudi kwenye harusi au kwenye risala ya shule, wasikilizaji huona tofauti kabla hawajajua imetoka wapi.

Jambo jingine la vipimo: miongozo ya Kiingereza hushauri idadi ya maneno kwa dakika. Usiichukue ilivyo. Kitenzi cha Kiswahili huweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, hivyo hotuba iliyoandikwa kwa hesabu hiyo itapita kadi nyekundu. Pima kwa saa, ukisoma kwa sauti.

Anayehesabu maneno ya kujazia hukaa na karatasi akiandika kila “aaa”, “mmm”, “yaani”, “unajua” na “kimsingi”. Mzungumzaji anaposomewa kwamba alisema “yaani” mara 14 ndani ya dakika 6, mara nyingi hakubali, maana hakujisikia. Ila wiki zinazofuata ataanza kujisikia, na hapo kazi imekwisha kuanza yenyewe. Katika klabu ya Kiswahili ningemwongezea msimamizi wa lugha kazi nzito zaidi: kufuatilia lugha ya ofisini inayojaza nafasi huku ikionekana ya kisomi. “Suala zima la maji” ni maji. “Katika kuhakikisha kwamba wananchi wanapata” ni “ili wananchi wapate”. “Kwa maana ya kwamba” mara nyingi haibebi kitu chochote. Mtu husema hivi kwa kuogopa kunyamaza, wala si kwa kiburi, na dawa yake ni kufundishwa kunyamaza: kumaliza sentensi, kufunga mdomo, kuwatazama watu, kuanza nyingine. Ukimya wa sekunde mbili huonekana mrefu kwa anayesema tu. Anayesikiliza huutumia kupumua na kuelewa.

Lakini moyo wa klabu ni tathmini, na hapa ndipo klabu nyingi hulegea. Mtathmini ana dakika 2 hadi 3. Akisimama na kusema, “Hongera sana, umeongea vizuri, jiamini zaidi,” amempa mwenzake zawadi tupu. Mzungumzaji hajui nini kilikuwa kizuri ili akirudie, wala afanye nini ili ajiamini. Linganisha na hii, juu ya hotuba ya kuwahimiza wakulima wanunue mbegu zilizothibitishwa: “Ulipoeleza jirani yako alivyovuna nusu ya alichotarajia, ulisimama tuli na ulitutazama, na ukumbi ulinyamaza. Ulipofika kwenye bei ya mbegu ulishusha sauti ukasoma karatasi, na nilimwona aliyekaa nyuma akimuuliza jirani yake umesema shilingi ngapi. Bei ndiyo jambo tulilolingojea. Safari ijayo iseme bila karatasi, nyamaza kidogo, kisha iseme tena.” Humo mna sehemu mbili za hotuba zilizotajwa zilipotokea, athari yake kwa wasikilizaji, na jambo moja la kufanya. Jambo moja, si sita. Mtathmini anayemwaga kasoro zote alizoziona anaonyesha ukali wa macho yake, na mzungumzaji anakwenda nyumbani hajui aanzie wapi.

Kwetu kuna ugumu ambao kijitabu cha Smedley hakikuandikwa kwa ajili yake. Binti wa miaka 23 amepangwa kumtathmini mzee mwenye umri wa babu yake, mstaafu aliyewahi kuongoza watu wengi. Amempa shikamoo mlangoni. Dakika 40 baadaye anatakiwa kusimama na kusema kwamba mwisho wa hotuba haukueleweka. Asipofundishwa, atamwaga sifa na kukaa. Njia inayofaa ni ya kabla ya mkutano: mtathmini anamwendea mzungumzaji na kumuuliza, “Mzee, leo ungependa nikuangalizie nini?” Mzee akijibu kwamba anataka kujua kama mwisho wake unaeleweka, basi binti akisimama baadaye hamkosoi mkubwa, anarudisha jibu la kazi aliyotumwa. Adabu imebaki mahali pake na ukweli umesemwa. Nashauri klabu isiruhusu tathmini yoyote isiyotanguliwa na mazungumzo hayo mafupi, hata kati ya watu wa rika moja.

Sasa tuje kwenye kukua, maana hapa hesabu ni kali kuliko watu wanavyodhani. Mkutano wa dakika 90 hubeba hotuba tatu, na ukijumlisha tathmini, mada za papo kwa papo, ripoti na utambulisho wa wageni, nafasi ya hotuba ya nne hupatikana kwa shida. Klabu ya watu 24 inayokutana kila wiki mbili humpa mwanachama zamu ya hotuba kila mikutano minane, yaani wiki 16. Ikifikisha watu 45, zamu inakuja baada ya mikutano 15: miezi saba. Mtu aliyelipa ada ili ajifunze kuzungumza atasubiri miezi saba? Hawezi. Ataacha kuja taratibu, bila ugomvi, na kiongozi atashangaa kwa nini klabu kubwa inavuja. Ndiyo maana chama kile kilikua kwa kuzaa klabu nyingine. Klabu ikizidi watu 35 hivi, ningekaa na viongozi tupange wanachama wachache wazoefu watoke wakaanzishe ya pili, labda ya mchana kwa wafanyakazi wa mjini, na waliobaki wapate jukwaa.

Kabla ya kufika huko kuna suala la mgeni, na hili huamuliwa kwa jioni moja tu. Mgeni akifika akakaa nyuma, akatazama watu wanaojuana wakicheka, akaondoka, hatarudi. Mgeni aliyepokewa mlangoni na mtu mmoja mwenye jina, akaelezwa kila kadi ina maana gani, akakaribishwa kujibu swali la papo kwa papo akitaka, na mwishoni akaombwa aseme ameuonaje mkutano, huyo ameshasimama. Ujumbe wa simu kesho yake asubuhi, wenye tarehe ya mkutano ujao, humaliza kazi. Akijiunga apewe mlezi, na hotuba yake ya kwanza, ile ya dakika 4 hadi 6 ya kujitambulisha, ipangiwe tarehe siku hiyohiyo anayolipa ada.

Idadi hupanda na kushuka hata kwa wakubwa. Kabla ya janga la Uviko-19 Toastmasters walikuwa na wanachama zaidi ya 350,000. Mikutano ilipohamia kwenye kompyuta wengi hawakurudi. Na kwa karibu miaka 50 chama kilijifungia mlango chenyewe kwa kutokupokea wanawake rasmi hadi 1973. Helen Blanchard alijiunga mwaka 1970 kwa jina la kiume la Homer, na mwaka 1985 akawa rais wa chama kizima. Klabu yoyote ya kwetu inayokutana saa na mahali ambapo wanawake hawawezi kufika salama inarudia kosa lile bila hata kuliandika kwenye katiba.

Klabu nyingi za miji yetu huendeshwa kwa Kiingereza, na sababu zake zinaeleweka: kazi, usaili, mikutano ya kimataifa. Lakini kanuni hazifungi lugha, na anayezungumza na wazazi wa shule, na wanaushirika, na wagonjwa au na baraza la mtaa huzungumza Kiswahili. Ujuzi wa kukizungumza hadharani hauji wenyewe kwa kuwa mtu amezaliwa nacho. Klabu ya Kiswahili ianze na watu 20, kadi tatu za rangi na ratiba ya miezi mitatu iliyobandikwa ukutani na kwenye kundi la WhatsApp, majina yote 12 ya kila mkutano yakiwa yamejazwa. Uongozi ubadilike kila mwaka. Mwanzilishi asishike uenyekiti mwaka wa pili. Apewe saa na kadi, akae mezani, ainue ya kijani ikifika dakika ya tano.