Wazee Wawili wa Roshani

Nianze kwa kukiri, nisije nikaumbuliwa mbele ya safari: Florida sijafika. Ukumbi ninaotaka kuuzungumzia hapa sijawahi kuukanyaga, na hata nikipata nauli kesho sitaukuta, maana ulifungwa Juni 2025. Nilichonacho ni filamu kwenye simu, iliyochukuliwa na mtazamaji mmoja aliyekaa viti vya nyuma. Picha inaonekana mbilimbili kwa kuwa miwani alivaa yeye, kamera haikuvaa. Kuna mtoto analia. Kuna mtu anakohoa. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima anayedaiwa kodi ya chumba.

Mshikaji wangu mmoja kijiweni aliponikuta nayo akacheka mpaka akashika ukuta. Eti na mimi nimejiunga na Wazungu wanaolilia midoli! Nikamwambia kaa hapa nikueleze. Hakukaa. Basi kaa wewe, msomaji.

Ukumbi wenyewe uliitwa Muppet*Vision 3D, na ulikuwa ndani ya Disney's Hollywood Studios, moja ya zile bustani nne kubwa za burudani za Walt Disney World. Muppets ni vikaragosi wa Jim Henson, Mmarekani aliyemshona chura Kermit mwaka 1955 kutokana na koti kuukuu la mama yake, macho akamtengenezea kwa kipira cha ping-pong alichokikata katikati. Wengi wetu huku tulionja kazi ya karakana hiyohiyo bila kujua, kwenye Sesame Street, na baadaye kwenye Kilimani Sesame iliyosema nasi kwa Kiswahili. Ila wale wa Sesame wana mwenyewe mwingine. Kermit, Miss Piggy na kundi lao waliuzwa kwa Disney mwaka 2004. Neno hilo, waliuzwa, tutalirudia.

Novemba 2024 Disney wakatangaza kwamba uwanja ule wote, ukumbi na ua wake, utapewa majitu ya filamu ya Monsters, Inc. Muppets nao wapelekwe kwenye Rock 'n' Roller Coaster, lile treni la kupiga makelele gizani lililofunguliwa mwaka 1999 likiwa na nyimbo za Aerosmith. Kwa hiyo, ukitaka kusema kweli, Muppets hawakufukuzwa, walihamishwa. Aliyefukuzwa ni Aerosmith. Ni kama mwenye nyumba anayekutoa chumba cha mbele akakupa cha uani, na yule aliyekuwa uani ndiye unayemwona barabarani na godoro lake.

Mashabiki wakawaka. Kambi moja ikasema hapa ni kaburini kwa mzee, msiguse. Kambi nyingine ikajibu kwamba viti vilikuwa vikibaki vitupu, watoto wa leo Kermit wanamjua kwa vichekesho vya kwenye simu tu, na treni litawapa Muppets foleni ambayo hawajaiona miaka mingi. Mimi nilikuwa kambi ya kaburi, tena wa mstari wa mbele. Leo siko huko, ila wale wa treni pia hawajanipata.

Nieleze kwanza mlemo ndani, kwani wengi wanaobishana wanaizungumzia filamu, na filamu, tusidanganyane, si kazi bora ya Henson. Hadithi yake ni ya kubabaisha: maonyesho ya teknolojia mpya yanaharibika, kikaragosi mmoja wa kompyuta aitwaye Waldo anavuruga kila kitu, mambo yanakwenda kombo mpaka mizinga inapigwa. Vitu vinarushwa usoni kwako kwa sababu umepewa miwani, basi. Ningeiona kwenye televisheni ningekwenda kuchemsha chai katikati.

Utamu ulikuwa ukumbini. Kuliani, juu, kwenye roshani, walikaa Statler na Waldorf, wale wazee wawili ambao kazi yao ni kuzomea. Hawakuwa kwenye turubai. Walikuwa sanamu za mashine, wamekaa kwenye hewa ileile uliyokuwa ukiivuta wewe. Chini mbele ya jukwaa, bendi ya pengwini. Nyuma yako kabisa, kwenye chumba cha kuendeshea filamu, yule Mpishi wa Kiswidi ambaye maneno yake hayaeleweki kwa Kiswidi wala kwa lugha nyingine yoyote. Mara Sweetums, lile jitu la manyoya, anatoka kwenye turubai na kutembea kati ya watu kwa miguu yake. Mwishoni mpishi anafyatua mzinga juu ya kichwa chako, ukuta unatoboka, na Kermit anaonekana upande wa pili juu ya gari la zimamoto. Yaani filamu ilikuwa ugomvi, na wewe ulikaa katikati ya wagomvi.

Hata chumba cha kusubiria kilikuwa na fujo yake. Juu kulining'inia wavu uliojaa vipande vya jeli. Mtu anapita chini yake mara kumi haoni kitu. Lakini ukiyataja maneno "wavu uliojaa jeli" kwa Kiingereza, haraka, mdomo wako unatamka jina la Annette Funicello, binti aliyevuma kwenye kipindi cha Mickey Mouse Club miaka ya 1950. Utani wa namna hiyo haufasiriki, na wala hakuna aliyekuelekeza uutazame. Kuna mtu alikipandisha kitu dari nzima kwa ajili ya mgeni mmoja kati ya elfu atakayecheka peke yake. Sisi tunaoandika tunalijua joto la kazi hiyo: lile neno moja unalolihangaikia usiku mzima huku ukijua mhariri atalipita kama nguzo ya umeme.

Sasa njoo kwenye lile lililonifanya niwe kambi ya kaburi. Henson alifariki tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53, filamu hiyo ikiwa bado haijamalizika kabisa. Ukumbi ukafunguliwa tarehe 16 Mei 1991, mwaka mmoja kamili. Sauti ya Kermit mle ni yake. Ya Waldorf ni yake. Ya mpishi pia. Statler alisemewa na Richard Hunt, naye akafariki Januari 1992 akiwa na miaka 40. Piga hesabu. Kwa muda wa miaka 33 na zaidi, mara kadhaa kila siku, wanaume wawili marehemu walikaa kwenye roshani wakitania kwa sauti zao wenyewe, na watoto wa wale waliokuwa watoto wakawacheka. Sijui jumba jingine la makumbusho lililofanya hivyo bila kuweka kibao cha maelezo.

Disney walisema wanatafuta njia za kuihifadhi filamu na baadhi ya vitu. Vizuri. Ila mwangalie anayehifadhi anahifadhi nini. Filamu ndiyo rahisi kuweka kabatini, na ndiyo iliyokuwa dhaifu. Roshani utaiwekaje kabatini?

Hapo ndipo nilipoanza kuyumba, jamani. Kwa sababu hoja ya kaburi ukiisukuma mpaka mwisho inakupeleka mahali pabaya. Inakuambia Kermit halisi ni yule wa Henson tu. Mashabiki wamekwishapigana vita hiyo. Baada ya 1990 Kermit alishikwa na Steve Whitmire mpaka 2016, alipoondolewa. Habari ilipotoka hadharani mwaka 2017 Whitmire mwenyewe alilalamika waziwazi, na Matt Vogel akachukua chura. Mpaka leo wapo wanaosikiliza sauti ya Vogel kwa sikio la mtu anayekagua noti bandia. Miss Piggy alitoka mkono wa Frank Oz akaingia wa Eric Jacobson, na huyo watu walimzoea. Basi swali: chura ni mkono, au mkono ni mpangaji tu?

Mimi nimekulia kwenye ngano, kwa hiyo jibu langu halikwenda mbali. Sungura wa bibi yangu alikuwa mpole wa sauti, mwongo wa kutisha. Sungura wa shangazi alikuwa na haraka, na alitukana. Hakuna aliyesema wa shangazi ni bandia. Bibi alipokufa Sungura alilia kidogo akaendelea na safari zake. Mhusika akipokewa na mkono mwingine hafi. Wakati mwingine ndiyo anaponea hapo.

Na Sungura huyohuyo ana kesi yake katika bustani hizohizo. Mwaka 1989 Disney walifungua Splash Mountain huko California, na mwaka 1992 wakafungua nyingine Florida: mtumbwi unaoporomoka majini katikati ya visa vya Brer Rabbit. Huyo ni jamaa yetu. Visa vyake vilisimuliwa na Waafrika waliokuwa utumwani kusini mwa Marekani, na mwandishi Mzungu, Joel Chandler Harris, akavitia kitabuni mwaka 1880. Kile cha sanamu ya lami iliyomnasa, sisi tunacho cha kisima na Kobe aliyepakwa ulimbo mgongoni. Disney walivitengenezea filamu mwaka 1946, Song of the South, filamu iliyopaka asali maisha ya mashamba yale hata kampuni yenyewe ikaona haya ikaifungia. Mwaka 2020 wakatangaza kuubadilisha mlima, na mwaka 2024 ukafunguliwa upya ukiwa wa Tiana, binti mfalme wao wa kwanza Mweusi. Wapo waliolia hapo pia, wengine kwa mapenzi ya mteremko wa utotoni, wengine kwa chuki waliyoificha nyuma ya mteremko huo.

Mimi sikulia, na nilijiuliza kwa nini. Mlima ule ulikuwa mzuri, wote waliofika wanasema. Nadhani ni kwa sababu Sungura hakupungukiwa na kitu. Waliong'oa sanamu zake. Yeye jioni hiyohiyo alikuwa akiiba maji kisimani mahali fulani Singida. Kermit akitolewa jengoni hana kisima cha kwenda. Mwenye hati anaamua avae nini, aseme nini, aketi wapi, na wanaompenda kuliko mwenye hati kazi yao ni kuandika barua za kuomba. Ugomvi wa ukumbi dhidi ya treni unanichosha kwa hilo: pande zote mbili zimepiga magoti mbele ya mlango mmoja, zinasukumana nani apige magoti karibu zaidi.

Msiniulize nimeyajulia wapi haya. Haya, niulizeni. Miaka michache iliyopita niliandikia michezo ya vikaragosi mradi mmoja wa shule za msingi. Jina lake nalibakiza tumboni. Nilimwumba Babu Kelele, mzee kiziwi nusu, mbishi, anayesikia "mswaki" akajibu habari za samaki. Watoto walimfuata mpaka getini. Karatasi waliponipa nilitia sahihi juu ya boneti ya gari, nina njaa, sikusoma. Msimu wa pili nikamkuta Babu Kelele amekuwa kijana, amepona masikio, anatangaza sabuni. Nilipouliza nikaambiwa kwa upole kabisa kwamba mhusika ni mali ya mradi. Na ni kweli, ndivyo karatasi ilivyosema. Kilichoniuma si kwamba alibadilishwa. Angebadilishwa na mwalimu wa Mbagala anayemchezesha kwa soksi mbele ya darasa la watoto themanini, ningempa na visa vingine bure.

Kwa hiyo nikiwatazama wale mashabiki, nawaona wana haki ya kulia, ila nadhani wanalilia jengo kwa sababu jengo ndilo pekee walilowahi kuruhusiwa kuingia. Treni huenda likawa zuri. Bendi ya Muppets, ile ya Electric Mayhem, inafaa kabisa kwa kelele, nami sitamkataza mtoto wa mtu kupiga yowe. Lakini katika treni linalopita kasi gizani hakuna anayekaa kitako akazomewa na wazee.

Usiku nairudia filamu yangu ya simuni, hasa pale mwishoni ambapo yule aliyekuwa akirekodi anainua kamera kuelekea roshani. Taa zimewaka, moshi bado upo, watu wanatafuta mikoba yao. Mzee mmoja anatamani kwenda msalani kabla ya onyesho lijalo. Mwenzake anamkumbusha kwamba haiwezekani, wamekazwa bolti kwenye viti. Sauti ni ya Henson. Watu wanacheka huku wamekwishampa mgongo, na mtoto yule aliyekuwa akilia amenyamaza, anatazama juu.